Namna ya kulinganisha okidi ya kikanda na kasa ng'amba darasani

Mama yangu aliuza kikanda, keki ya viazi pori na karanga, katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yalipomkatalia kukaa chini siku nzima. Nimekula okidi utoto wangu wote bila kujua kwamba ninakula okidi. Nilikuja kujua chuoni, siku mwalimu alipotuonyesha picha ya ua la Disa na kusema viazi vyake vinaliwa Katanga na Zambia. Jioni ile nilimkuta mama akikoroga chungu juu ya mbabula, jiko la makaa, nikamwambia, "Mama, kikanda ni maua." Akajibu bila kuinua macho, "Ni maua, ndiyo. Siye tunachimbaka miguu yake."

Leo nafundisha biolojia sekondari. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekolea na dembo, yale mabonde ya majani, zimejaa maji, nawapa wanafunzi zoezi lile lile: linganisha okidi iliyo hatarini na kasa wa baharini aliye hatarini. Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi ninavyoliendesha, na wazazi pia, kwa sababu watoto hufika nyumbani na maswali. Nitaeleza hapa ninavyofanya, na kwa nini.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Nilipiga mstari katikati ya ubao, upande huu okidi, upande ule kasa, nikawaambia wajaze mfanano na tofauti. Kaye (daftari) 46 zilirudi zikiwa karibu sawa: okidi ni mmea, kasa ni mnyama, okidi haitembei, kasa anaogelea, wote ni viumbe hai na wote wanahitaji ulinzi. Hakuna uongo hata mmoja humo, na hakuna aliyejifunza chochote ambacho hakukijua asubuhi ile akiwa njiani kuja shule. Tangu hapo siruhusu mtu aandike mfanano wala tofauti kabla hajajibu swali moja kwa kila kiumbe: anakufa kwa wingi akiwa na umri gani, na tunamtoa akiwa na umri gani? Swali hilo ndilo linalobeba zoezi zima.

Lakini kabla ya swali, jina. "Okidi" haiko hatarini. Familia ya okidi ina aina zipatazo 28,000, na nyingine zinauzwa kwenye vyungu Ulaya kama sisi tunavyouza mchicha. "Kasa" naye ni aina saba. Mwanafunzi lazima achague. Kwa okidi, nawaongoza kwenye zile za kikanda, maana ziko sahanini mwao: hasa jenasi, yaani makundi ya aina ndugu, Disa, Satyrium na Habenaria. Mtoto akishindwa kupata jina kamili la aina, aandike jenasi na aseme wazi kwamba amefika hapo tu. Sipendi jina la Kilatini lililonakiliwa ili kupamba ukurasa.

Kwa kasa, nachagua ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa mwewe, Eretmochelys imbricata. Zamani wanafunzi walipenda kasa wa kijani kwa sababu picha zake ni nyingi. Alikuwa kwenye daraja la walio hatarini katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa miaka mingi, lakini mwezi wa kumi 2025 alitolewa humo na kuwekwa kati ya wale wasio na wasiwasi mkubwa, baada ya fuko za kutagia mayai kulindwa kwa miongo kadhaa. Ni habari ya kufurahisha, na kwa zoezi letu ni onyo: kitabu cha shule kilichochapwa miaka kumi iliyopita kitakudanganya kwa nia njema. Kila daraja la hatari liandikwe pamoja na mwaka wake. Ng'amba yuko daraja la juu kabisa la hatari tangu 1996, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini.

Hapo wanafunzi hugundua tofauti ya kwanza ya maana, na nawaacha waigundue wenyewe. Kasa wote saba wana faili zao katika Orodha hiyo. Okidi zilizopimwa ni sehemu ndogo tu ya familia nzima, na nyingi za zile zinazochimbwa kwa kikanda hazimo. Mtoto mmoja aliandika, "Okidi yangu haiko hatarini kwa sababu haiko kwenye orodha." Nilimwita mbele, nikamuuliza kama mgonjwa ambaye hajapimwa malaria ana afya. Alielewa papo hapo, na darasa lote likaelewa naye.

Sasa vitu vya kushika. Usifundishe somo hili kwa maneno matupu.

Miaka tisa iliyopita nilinunua sokoni kopo dogo la tomati lililojaa viazi vikavu vya kikanda. Nilipovimwaga mezani na kuvihesabu vilikuwa 63. Viazi hivyo hivyo ninavyo hadi leo kwenye chupa yenye kifuniko, sinunui vingine. Nawapitishia darasani, kila mtoto ashike kimoja. Ni vidogo, vingine kama punje ya karanga, vingine kama kidole gumba, vimekunjamana, vina rangi ya udongo uliochomwa. Halafu nasema: kila kiazi ulichoshika ni mmea mmoja uliong'olewa. Darasa huwa kimya. Wamezoea kuona kikanda ikiwa imeshapikwa, imekatwa vipande kama keki nyekundu-kahawia, na sasa wanajaribu kurudi nyuma: kutoka kipande hadi chungu, kutoka chungu hadi kinu ambamo viazi hutwangwa vikawa unga, kisha uchanganywe na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi. Nawauliza chungu kimoja cha mama kilimeza makopo mangapi. Wao wenyewe wanazidisha.

Kiasi kikubwa zaidi wakipewe baadaye, wakishakuwa na kopo lao kichwani. Mwaka 2003 watafiti wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na 4 hivi vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka. Ni biashara hiyo iliyochangia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Kitulo mwaka 2005, ile ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Kwetu mpaka wa Zambia ni Kasumbalesa, na magunia hupita pia. Mtu asiyeshika kile kiazi kimoja kwanza husikia "milioni" kama kelele tu.

Jambo lililonifundisha zaidi sikulipata kitabuni. Niliwahi kufuatana na bibi mmoja mchimbaji hadi kwenye dembo, nje kabisa ya mji. Alipiga magoti kwenye tope, akaingiza vidole kando ya shina, akatikisa, shina likatoka zima na maua yake meupe. Chini yake kulikuwa na viazi viwili vilivyogusana kama watoto wawili mgongoni. Kimoja cheusi kidogo, laini, kimenywea. Kingine kigumu, cheupe, kimejaa. Akanionyesha kile kilichonywea: "Huyu ni wa mwaka jana, anakwisha." Akanionyesha kigumu: "Huyu ni wa mwaka ujao." Kisha akakata kile kigumu na kukitia mfukoni, akatupa shina.

Hivyo ndivyo okidi hizi zinavyoishi. Kiazi cha zamani kinalisha shina na maua ya msimu huu huku mmea ukijaza kiazi kipya kwa ajili ya msimu ujao. Wakati wa kiangazi kila kitu juu ya ardhi hukauka. Kinachobaki hai ni kile kiazi kipya tu, kimelala kwenye udongo kikisubiri mvua. Mchimbaji anahitaji kiazi kigumu, kwa sababu kilichonywea hakina unga. Kwa hiyo kila mara anachukua mwaka ujao. Mchoro wa viazi hivi viwili naulazimisha katika kila kaye, na pointi zake nazihesabu peke yake.

Halafu mbegu. Mwanafunzi atasema, "Lakini mwalimu, ua linatoa mbegu nyingi." Ni kweli, tunda moja la okidi linaweza kuwa na maelfu ya mbegu. Hapo nachukua kipande cha kaa, nakisaga kwenye kiganja, naenda dirishani na kupuliza. Mbegu ya okidi ni vumbi kama hilo. Haina akiba ya chakula kama ya harage au hindi. Isipoangukia mahali penye kuvu wa aina inayofaa, atakayeingia ndani yake na kuilisha, haioti. Hata ikiota inakaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Ndiyo maana kupanda kikanda kama tunavyopanda muhogo kumewashinda watu wengi: shamba unaweza kulima, lakini yule kuvu humpati sokoni.

Kwa kasa hatuna chupa ya viazi. Wanafunzi wangu karibu wote hawajaona bahari. Nchi yetu inayo, kipande kifupi cha kilomita zipatazo 40 kule Muanda, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa hata ukipita angani. Fuko za huko hutembelewa na kasa ngozi, yule mkubwa kuliko wote, na Hifadhi ya Mikoko iliyoundwa 1992 iko hapo hapo. Ng'amba huonekana katika Ghuba ya Guinea, na hutaga katika visiwa vya São Tomé na Príncipe. Nawaonyesha ramani, basi. Sikai hapo sana.

Ninakokaa ni uani. Tunatoka nje na majivu. Nachora gamba la ng'amba mzima, sentimita 80, kisha pembeni yake mtoto aliyetoka kwenye yai, sentimita 4 tu. Watoto wanapima kwa rula. Mwanafunzi mmoja aliwahi kulala kwenye mchoro na kujikunja ili aone kama anaenea. Kisha naleta mahindi. Jike la ng'amba hutaga mayai kama 140 kwenye shimo moja la mchanga, na hurudia mara kadhaa katika msimu mmoja, halafu hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Kundi la wanafunzi wanahesabu punje 1,000 kwenye ungo. Kaa wa mchanga anakula, ndege anakula, papa anakula, nyavu zinakamata. Kila tukio tunatoa kiganja kimoja. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika watoto elfu moja, mmoja hivi ndiye anayefikia utu uzima, na inamchukua miaka 20 au zaidi. Punje ile moja inapobaki, namkabidhi mtoto mmoja aitunze hadi mwisho wa somo. Hawaichezei.

Sasa rudi darasani na uulize lile swali. Okidi inakufa kwa wingi ikiwa vumbi. Ng'amba anakufa kwa wingi akiwa yai na kifaranga. Wote wawili hukabili hasara hiyo kwa kuzaa wengi mno, tena mara nyingi katika maisha marefu. Kisha: sisi tunamtoa nani? Kwenye okidi tunang'oa mmea mzima uliokwisha kuvuka kila hatari. Kwenye ng'amba, kwa karne nyingi, tulimtaka mkubwa kwa sababu ya magamba yake, yale yanayotengenezwa vitana, vifungo na fremu za miwani. Gamba la mtoto halina faida. Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, iliacha kuagiza magamba hayo mwishoni mwa 1992. Kwa hiyo mmea wa dembo na mnyama wa bahari ya chumvi wanaumia mahali pamoja: tunachukua yule aliyekwisha lipiwa na wenzake elfu waliokufa. Mwanafunzi akiandika sentensi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili cha nyumbani, tayari ana nusu ya pointi kwangu.

Kwa wale wa madarasa ya juu naongeza hesabu. Mwaka 1987 watafiti watatu, Crouse, Crowder na Caswell, walichukua aina nyingine ya kasa, yule wa kichwa kikubwa wa pwani ya Marekani, wakauliza ni umri gani ukilindwa utainua idadi. Juhudi nyingi wakati ule zilikuwa kulinda mayai. Hesabu zao zilionyesha kwamba hata ukiokoa mayai yote, bila kupunguza vifo vya kasa vijana wakubwa na wazima idadi ingeendelea kushuka. Hilo lilisaidia kusukuma matumizi ya nyavu za kuvulia kambamiti zenye mlango wa kasa kutokea. Waulize wanafunzi: mlango wa okidi utakuwa wapi? Mwaka jana binti mmoja alijibu, "Kuacha kile kigumu ardhini." Mwingine akamkatiza, "Basi hakuna kikanda." Walibishana dakika ishirini na sikuwazuia. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Sehemu ya kuhesabu nayo ina utajiri wake, na vitabu vingi vinaipita. Nani anahesabiwa? Ng'amba dume, akishaingia baharini akiwa kifaranga, kwa kawaida harudi nchi kavu. Watoto hupotelea bahari kuu kwa miaka. Kinachohesabika kwa urahisi ni mashimo ya mayai ufukoni, yaani majike wa mwaka huo tu. Okidi ni vivyo hivyo: mwezi wa nane ukipita kwenye dembo utasema hamna kitu, kumbe viazi vimelala chini ya miguu yako. Hata katika msimu wa maua, baadhi ya okidi zenye viazi hupitisha mwaka mzima bila kuchomoza. Hivyo idadi yoyote utakayoletewa, mwanafunzi aulize: wamehesabu nini, na lini? Tofauti iko kwenye joto. Mchanga wenye joto kupita nyuzi 29 hivi hutoa majike zaidi, ulio baridi zaidi hutoa madume. Kwa hiyo mwaka wa joto kali unaweza kuonyesha mashimo yaliyojaa na bado ukawa umeharibu uwiano wa kizazi kizima.

Sheria naipitia kwa dakika tano. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, umeweka kasa wote wa baharini kwenye Orodha ya Kwanza, biashara ya kimataifa imefungwa. Okidi zote, isipokuwa chache zilizo kwenye Orodha ya Kwanza, ziko kwenye Orodha ya Pili: kuvusha mpaka kunahitaji kibali, hata kwa gunia la viazi. Wanaojua hilo pale sokoni ni wachache sana.

Neno moja kwa mwalimu. Kila mwaka kuna mtoto atakayesema wauza kikanda wafungwe. Usimwache aseme hivyo akaketi. Darasani kuna watoto ambao ada yao inatoka kwenye beseni la kikanda, kama yangu ilivyotoka. Mimi huwaambia wazi: mama yangu aliuza, na nilisoma kwa fedha hiyo. Kisha nawapa kazi ya kwenda kumuuliza muuzaji mmoja, kwa heshima, wakimwita mama na kununua kitu kingine kwake kwanza: zamani viazi vilitoka wapi, na sasa vinatoka wapi? Nilimuuliza mama yangu swali hilo hilo kabla hajafariki. Alisema, "Zamani tulikuwa tunachimbaka hapa karibu, unaenda asubuhi, saa sita umerudi. Sasa wanaleta na kamyo." Kamyo ni lori. Jibu la namna hiyo, likirudiwa na wauzaji sita tofauti, ni ushahidi, na naliandikisha kwenye kaye karibu na takwimu za watafiti, likiwa na tarehe na jina la soko, bila jina la muuzaji.

Mwisho wa mwezi wa kwanza tunakwenda dembo moja. Viatu vya mvua, kamba ya mita 50, vijiti 4, na sheria moja: hakuna mkono unaoingia kwenye udongo. Tunatandika kamba mahali pale pale kila mwaka na kuhesabu mashina yenye maua ya Satyrium, yale yenye vimirija viwili nyuma ya ua kama pembe za mbuzi. Wawili wanahesabu kila mmoja peke yake, wakitofautiana wanarudia. Mwaka juzi tulipata 41, mwaka jana 29, mwaka huu 34. Siwaruhusu waandike "zinaongezeka" wala "zinapungua" kwa miaka mitatu. Waandike namba, tarehe, na kama mvua ilichelewa. Jina la dembo haliandikwi kwenye ubao, wala kwenye kaye, na picha tunazipiga bila kuonyesha mlima ulio nyuma. Kwenye kaye zote linaitwa "dembo la shule".